Sura Iliyofumuliwa

Karakana ya majalada, 3 Machi

Wifi yangu Sindano,

Kitabu cha tatu kimetoka, na ninacho. Nilipanga foleni nje ya duka la vitabu kabla halijafunguliwa, nyuma ya msichana aliyejibandika masikio yenye ncha kama ya Watu wa Ukungu wa kitabuni, na mbele ya baba mmoja mwenye tai aliyesema anamnunulia binti yake. Nilipomuuliza kama binti huyo yuko upande wa Umande au wa yule nahodha, alinijibu papo hapo kwamba ni Umande na hakuna mjadala, kisha akaanza kutazama viatu vyake. Binti gani.

Nimefanya tulivyokubaliana. Nimekikata vipande vitatu juu ya meza yangu mwenyewe. Bosi wangu, ambaye anashona majalada tangu mimi sijazaliwa, alinitazama kama mtu anayeona mbuzi akichinjwa kwa kijiko. Nikamwambia nina wifi yuko mbali, hosteli ya mazoezi ya viungo, hawezi kungoja mpaka mimi nimalize, wala mimi siwezi kungoja mpaka amalize yeye. Basi nasoma kipande, nakishona, nakitia jalada la karatasi ngumu, nakutumia. Vyote vitatu vikisharudi nitaviunganisha, na hakuna atakayejua kwamba kitabu kiliwahi kufanyiwa upasuaji. Samahani kwa neno hilo. La, siombi samahani. Uliniambia siku nikianza kukuchagulia maneno utaacha kunijibu.

Kanuni ni ileile: anayetangulia kusoma hatoboi siri. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ningekupasulia yote kabla salamu hazijaisha. Nakukumbusha tu mwisho wa kitabu cha pili, kwamba Umande alimwahidi mpenzi wake Kigongo kumtimizia ombi moja, lolote lile, na Watu wa Ukungu wakishaahidi hawawezi kuvunja hata wakitaka.

Kaka anakusalimu. Ukimuuliza mbona hapigi simu, anakohoa. Sijui mmegombana nini, na hataki kusema. Anashinda kwenye kazi yake ya kutengeneza lifti za maghorofa, halafu jioni anakuja karakanani kuniuliza kama umeandika. Mchumba wako huyo. Mwandikie hata mstari mmoja.

Wako,
Gundi


Hosteli, chumba cha dirisha la uani, 11 Machi

Wifi Gundi,

Kipande nimekisoma mara mbili, na sasa si changu tena. Mwenzangu wa chumba ni mwalimu mstaafu aliyevunjika nyonga. Alikiona kitandani akakichukua, na tangu siku hiyo anatusomea ukumbini kila baada ya mazoezi, kwa sauti ya darasani, na ole wake atakayekohoa pasipo ruhusa.

Laiti ungeona. Kila mmoja hapa ana mtu wake humo ndani. Mwalimu anamshangilia yule mchawi mjane anayetongozwa akiwa na mvi zake. Anasema ni mara ya kwanza maishani kumkuta bibi kitabuni ambaye kazi yake si kutoa mawaidha. Msichana aliyepoteza mkono kiwandani anamtaka yule mchawi kipofu anayeruka angani kwa kusikiliza upepo, na hataki kusikia kwamba ni wahusika wa kutungwa. Mpishi wetu, mwanamke mkimya, husimama mlangoni na mwiko mkononi kila tukifikia wale wachawi wawili wa kike waliokula kiapo cha kuishi pamoja. Jana alimwomba Mwalimu arudie ukurasa mmoja. Mwalimu akarudia, na hakuna aliyeuliza kitu.

Mfagizi alituonya kwamba tunajiletea mabalaa kwa kusoma habari za uchawi. Mwalimu akamwambia wachawi hawa hawajamroga mtu tangu ukurasa wa kwanza, hawana nafasi, wanashinda wakipenda. Siku hizi mfagizi hufagia ukumbi wetu taratibu sana, na kona moja huifagia mpaka sura iishe.

Mimi nina Kigongo wangu. Kabla ya ajali nilimpenda kwa ulimi wake. Sasa nampenda kwa sababu mguu wake wa mti humbana jioni, na mwandishi amelisema hilo kama anavyosema mvua imenyesha. Wangu ni wa plastiki na chuma, nao unabana vilevile. Natembea kati ya vyuma viwili vya kushikilia, na mkufunzi anasema karibu nitaviacha. Cherehani ya hapa naikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Mshono unakwenda upande kama mlevi, lakini unakwenda.

Hatukugombana na kaka yako. Nilimwambia hospitalini asije wala asipige simu mpaka nimwite, na yeye ni mtu wa kushika neno. Sijamwita. Alimchumbia mwanamke mwenye miguu miwili, na sijui kama ni haki kumpelekea mwingine. Bado napima. Usinisukume.

Lete kipande cha pili, ukumbi unanidai.

Sindano


Karakana, 16 Machi

Wifi,

Kipande cha pili hiki hapa. Usishangae kukosa namba za kurasa. Bomba lilivuja karakanani, karatasi zikalowa ukingo wa chini, nikazipitisha kwenye mashine ya kukatia ili zilingane. Maneno yote yapo.

Nilikisoma kwa kikao kimoja, chai ikapoa pembeni, na bosi akaniuliza nimefiwa au nimeposwa. Sitasema zaidi, kanuni ni kanuni. Msalimie Mwalimu na mfagizi.

Kuhusu kaka, siingilii. Nyinyi ni watu wazima.

Gundi


Hosteli, 24 Machi

Wifi,

Tumemaliza, na ukumbi mzima umenuna. Mwalimu amekataa chakula cha jioni.

Usiku wa sherehe Umande anapiga magoti anamfungia Kigongo kamba za kiatu, anacheka, anamwambia hatachoka naye. Unafungua sura inayofuata, Umande hayupo. Amekwenda zake nyuma ya ukungu bila hata kwaheri, na Kigongo amekaa kibarazani ameshika gongo lake. Mwandishi hakujisumbua kueleza. Msichana wa kiwandani alisema labda ametekwa. Mimi sikuhitaji maelezo. Alichoka.

Nikajisemea, hata huyu aliyetungwa na mtu mwenye nia ya kutufurahisha ameshindwa, sembuse fundi lifti. Kaka yako ni mtu mwema, na mtu mwema akichoka ndiyo vibaya zaidi, maana hatasema. Atabaki ananifungia kamba za kiatu huku moyo umeshaondoka. Afadhali nimtangulie. Mwambie nimemwachia. Uchumba umekwisha, hana kosa, na ninamtakia mema yote. Mwambie wewe, kwa sababu akisikia sauti yangu atabisha.

Usije ukamwambia nililia. Nililia jana, leo naandika. Nitarudi mjini kwa miguu yangu, huu na ule mwingine, nitafungua tena kibanda changu cha kushonea, na nitaishi vizuri kuliko wengi wanaonihurumia. Hilo sina shaka nalo hata kidogo. Shaka yangu ilikuwa moja tu, na kitabu kimeimaliza.

Kipande cha tatu ukipenda lete. Ukumbi unakitaka. Mimi sina haraka nacho.

Sindano


Karakana, 29 Machi

Sindano wifi yangu,

Sikumwambia. Alikuja jioni na grisi yake mikononi, akauliza umeandika nini, nikasema umeandika kwamba mshono umeanza kunyooka. Alifurahi mpaka akanunulia karakana nzima soda. Sasa nimwambieje mtu huyo?

Tena umemhukumu Umande mapema mno. Anayeahidi kwamba hatachoka, tena Mtu wa Ukungu, anachokaje? Ahadi yao haivunjiki. Wewe mwenyewe ndiye uliyenishikilia kwa hilo tangu kitabu cha kwanza, nilipotaka kumwacha nikamshabikie nahodha. Lazima kuna sababu ya kuondoka kwake, na haina uhusiano wowote na mguu wa mtu. Siwezi kusema zaidi. Nipe muda kidogo, nikuletee kipande cha tatu. Subira huvuta heri.

Na tafadhali usiamue jambo la maisha yako kwa sababu ya mtu mwenye masikio ya ncha.

Gundi


Hosteli, 4 Aprili

Gundi,

Unasema lazima kuna sababu, na unasema kama mtu anayeijua. Kipande cha tatu hujakimaliza, maana ungekuwa umeshakituma. Basi sababu umeisoma wapi?

Nikakichukua kipande cha pili nikakaa nacho dirishani. Safari hii sikukisoma, nilikikagua. Wewe ni fundi jalada, lakini mimi ni fundi cherehani. Nikiletewa gauni lililofumuliwa likashonwa upya naliona, hata kama uzi ni uleule, kwa sababu sindano ikipita kwenye kitambaa huacha tundu. Karatasi ni mbaya zaidi, haijifichi kabisa. Katikati ya kipande kuna mahali penye mistari miwili ya matundu, mmoja una uzi, mwingine mtupu. Na kuna karatasi nne umezishika kwa gundi kwenye mkunjo, kila moja ikiwa nusu, kwa sababu nusu ya pili haipo. Ulipaka vizuri. Ila gundi yako hung'aa ukiigeuzia jua.

Bomba halifumui nyuzi, wifi. Ulikata namba za kurasa ili nisihesabu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia dirishani kwangu.

Kuna sura umeitoa. Nirudishie, na uniambie kwa nini. Maneno matamu baki nayo.

Sindano


Karakana, 8 Aprili

Wifi,

Hii hapa. Sura nzima, na namba zake chini.

Nilikuwa naisoma siku barua yako ilipofika, ile uliyosema ulimkataza kaka asije mpaka umwite. Nikaiweka barua upande huu na sura upande ule, nikaona maneno karibu ni yaleyale. Nikaogopa. Wewe na Kigongo nawajua. Alipokata nywele ulikata. Alipoacha kuomba radhi kwa kuchelewa, nawe ukaacha, tukakungoja kwenye mlo wa kumtambulisha kaka mpaka mama akala peke yake. Nikasema akiona shujaa wake amefanya hivi atajiona amefanya vyema, na kaka yangu atakaa anangoja mpaka ang'oke meno. Nikashika kisu cha karakana. Niliona nikiitoa, utakosa mfano wa kuiga.

Sikufikiri kwamba utalisoma pengo, na kwamba kwenye pengo utaandika mwenyewe sababu mbaya kuliko ile niliyoificha.

Nimeharibu, na nilijua naharibu nilipokuwa nazungumzia bomba. Kaka bado hajui lolote kuhusu barua yako ya kumwachia. Nimeiweka, sitampa, sitaichana. Ukitaka afikishiwe utaniambia tena, nami nitafikisha neno kwa neno. Sikuamulii tena kitu.

Gundi


Hosteli, 15 Aprili

Gundi,

Mwalimu aliisoma jana mchana. Nilikataa kuisoma kwanza peke yangu. Nilitaka mashahidi.

Kigongo amekaa kitandani baada ya sherehe, anavua mguu wake, anatazama mikono ya Umande. Anafikiri kwa niaba yake mpaka anamaliza. Kisha anamwambia, "Ombi langu ni hili. Ondoka, usirudi mpaka nikuite." Umande anamsihi. Anamwambia aombe kitu kingine, aombe mlima uhamishwe. Kigongo anakataa na kujiona shujaa mkubwa. Na kwa kuwa ahadi haivunjiki, yule mwanaume anainuka, anaondoka, analia njia nzima.

Ukumbi ulilipuka. Msichana wa kiwandani alirusha mto. Mfagizi aliacha kabisa kujifanya anafagia. Mpishi, ambaye hajawahi kusema neno mbele ya watu, alisema, "Mtu kapendwa, halafu anajifanya mzigo." Na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilimwita Kigongo mjinga, mwenye kiburi, nikasema nani alimtuma amjibie mwenzake swali ambalo hajamuuliza. Nilikuwa bado nasema nilipoona Mwalimu ameshusha kurasa, ananitazama juu ya miwani, anangoja nisikie mwenyewe.

Nyani haoni kundule. Nikamwomba maji.

Wifi, ungeniletea sura hii tangu mwanzo ningemtukana Kigongo mwezi uliopita, na ningejisikia mwezi uliopita. Hukunijua vizuri. Nampenda, ndiyo, lakini si kila anachofanya nakifuata, na nywele nilikata kwa sababu ya joto. Ulimfanyia wifi yako kile Kigongo alichomfanyia Umande, na mimi nilichomfanyia kaka yako. Tumeamuliana sana katika familia hii, na hata harusi haijafungwa.

Nitakusamehe. Si leo, leo bado naifurahia hasira yangu, labda wiki ijayo. Ile barua ya kumwachia ichane. Na kipande cha tatu kije kizima, sitaki kuona tundu lisilo na uzi.

Nimempigia simu kaka yako. Alipokea kabla haijalia mara ya pili, akanyamaza, kana kwamba hata kusema alihitaji ruhusa. Nikamwambia, "Njoo Jumamosi. Lakini ukifika mlangoni simama hapohapo."

Sindano


Hosteli, 23 Aprili

Wifi yangu Gundi,

Wiki imekwisha na nimekusamehe, kwa hiyo soma umekaa.

Kipande cha tatu kilifika Jumamosi asubuhi. Nakiri umekishona kwa heshima. Ukumbi mzima ulikuja mlangoni kwangu kukidai, nikawaambia kisifunguliwe mpaka jioni. Mwalimu aliniita dikteta. Lakini kwa mara ya kwanza sikutaka kujua Kigongo ataamua nini kabla sijaamua mimi.

Nilimngoja kaka yako mwisho wa korido, chini kule kwenye chumba cha mazoezi, nimesimama. Vyuma nimeviacha tangu wiki iliyopita, hilo sikukuambia. Nilivaa gauni nililojishonea hapa. Pindo lake limekwenda upande kidogo, na nilikataa kulifumua. Wenzangu wote walikuwa wamejaa milangoni wakijifanya wana shughuli.

Akatokea mlangoni kule upande wa pili, amenyoa, amevaa shati lile unalosema linamfanya aonekane karani. Akaniona. Nikaona mwili wake wote unataka kukimbia uje. Akasimama palepale nilipomwambia.

Nikaanza kutembea. Naomba uelewe kwamba ile korido ni ndefu, na sakafu yake wanaipiga dawa ya kung'arisha kama hawajui hapa wanakaa watu gani. Karibu na mlango wa jikoni goti liliniyumba. Nikashika ukuta. Mpishi alikuwa pale, hata hakunyoosha mkono. Nikamtazama kaka yako. Alikuwa amezamisha mikono yote miwili mifukoni, amekunja ngumi humo ndani mpaka shati linatikisika, na machozi yanamtoka, na mguu hakuuinua. Kule hospitalini nilidhani sitaki anione hivi. Sasa nilitaka aone yote, tangu mwanzo wa korido mpaka mwisho, ili akichagua achague anachokijua.

Nikaachia ukuta, nikaenda mpaka kwake.

Nikamwambia mguu huu unabana, na kila jioni nitauvua, na kuna siku nitakuwa na hasira zisizomhusu. Nikamwambia sina ahadi kwamba sitamfukuza tena, ila nikimfukuza ana ruhusa ya kubisha. Kisha nikamwuliza mimi, kwa kinywa changu, kama bado anataka kunioa.

Akasema, "Nataka. Nilitaka na ile siku uliyonifukuza, ila hukuniuliza."

Ukumbi mzima ulipiga makofi na mfagizi akadondosha ndoo. Kaka yako bado alikuwa na mikono mifukoni, maskini, anangoja aambiwe. Nikamwambia aitoe anishike, maana nilikuwa nimechoka kusimama.

Wifi yako,
Sindano